Kilicholowa Kiwekwe Juu
Hotuba juu ya amana ya muuzaji na haki ya mnunuzi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawaharamishia riba na dhulma. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye hata kabla ya kupewa utume watu wa Makka walimwita al-Amin, yaani Mwaminifu. Naye alikuwa mfanyabiashara, akichukua mali ya watu safarini na kuirudisha kamili.

Waheshimiwa masheikh, wazee, akina mama na vijana: maneno ya leo ni juu ya kitu kinachoingia katika kila nyumba na kila tumbo, nacho ni chakula kinachonunuliwa sokoni. Watu wengi hudhani kwamba ibada huishia mlangoni mwa msikiti, na kwamba sokoni kila mtu na ujanja wake. Dhana hiyo ni kosa kubwa, na madhara yake hayangoji Akhera. Mengine huonekana hapa hapa duniani, katika miili ya watu.

Mji wa Rumonge uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo. Nyuma yake ni tambarare ya Imbo yenye michikichi mingi. Mji huu huishi kwa riziki mbili, moja ya majini na moja ya mtini. Majini hutoka mukeke na ndagala, ambao watu wa Kigoma na Ujiji huwaita dagaa. Mtini hutoka mawese. Riziki hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 mawese ya pwani ya Burundi yalikuwa yakivushwa kwa mitumbwi hadi soko la Ujiji, na kwa njia hiyo hiyo ya biashara Kiswahili na Uislamu vilitia mizizi katika mwambao huu. Basi mtu akisema kwamba dini ilifika hapa ikiwa imepanda chombo kimoja na bidhaa, hakukosea.

Chakula cha Rumonge hakiliwi Rumonge peke yake. Madumu ya mawese na magunia ya ndagala hupakiwa garini yakaenda Bujumbura, na kutoka huko yakapanda milimani. Mtoto wa Gitega ambaye hajapata kuliona ziwa hula mafuta yaliyokamuliwa na mtu asiyemjua, yakachukuliwa na dereva asiyemjua, yakauzwa na mchuuzi ambaye huenda mama yake amemwona siku ile tu. Baina ya mkamuaji na mtoto yule hakuna ujamaa wala ujirani. Kilichopo baina yao ni amana tu. Na amana hiyo ikivunjwa, mtoto hawezi kujitetea, kwani hana habari kwamba imevunjwa.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba siku moja Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona fungu la nafaka. Alitia mkono wake ndani ya fungu lile, na vidole vyake vikagusa unyevu. Akamwuliza mwenye mali ni kitu gani hicho. Yule mtu akajibu kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika watu wake.

Hadithi hii husomwa mara nyingi, lakini yafaa itazamwe kwa makini. Muuzaji yule hakuileta mvua. Wala hakuambiwa kwamba ni haramu kuuza nafaka iliyolowa. Kosa lake lilikuwa moja: kavu aliiweka juu, mbichi akaificha chini. Laiti angaliigeuza, angaliuza kwa bei ndogo kidogo na angalibaki na heshima yake. Na tazameni tena alivyofanya Mtume (S.A.W.): hakutosheka na kutazama, bali alitia mkono. Basi katika kisa hiki kifupi mna mafunzo mawili. La muuzaji ni kwamba aibu ya bidhaa iwekwe juu. La mnunuzi, na la mwenye mamlaka, ni kwamba mkono ufike chini.

Sasa funzo hili na lipelekwe kwenye dumu la mawese. Mawese mazuri hutengenezwa kwa haraka na kwa usafi. Tunda la mchikichi likishaiva na kupondeka huanza kuharibika ndani kwa ndani, na mafuta yake huwa makali. Kwa hiyo mkamuaji mwema hachelewi kulichemsha, kwani moto huizuia ile hali. Baada ya kuponda na kukamua huyapika mafuta hata maji yatoke, kisha huyaacha yatulie na machicha yashuke chini. Wekundu wake ni neema: mna ndani yake kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto na kuupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Kwa sababu hiyo mnunuzi hupenda mafuta mekundu, na hapo ndipo shetani hupata mlango.

Dumu la mafuta ni kama lile fungu la nafaka: juu huonekana, chini hakuonekani. Mtu mwenye tamaa aweza kuongeza maji, nayo yakazama chini. Aweza kuchanganya mafuta ya jana yaliyokwisha kukaangiwa. Na katika nchi nyingine limetokea jambo zito zaidi. Mwaka 2015 wakuu wa chakula wa Ghana walitangaza kwamba wamegundua katika mawese ya masoko yao rangi iitwayo Sudan IV. Rangi hii haikuumbiwa tumbo. Hutumika kutia wekundu katika nta, mafuta ya mitambo na rangi ya viatu, na ni marufuku katika chakula, kwani jamaa hii ya rangi inashukiwa kuleta saratani. Wauzaji waliitia ili mafuta hafifu yapate sura ya mafuta bora. Hayo yametajwa si kwa kuwatuhumu watu wa Rumonge, bali kwa kuwahadharisha. Kwani mwenye busara hunyoa akiona mwenzake ananyolewa.

Kuna na khatari ya chombo chenyewe. Dumu la plastiki ni kitu cha thamani katika nyumba maskini, nalo halitupwi. Lakini dumu lililowahi kutiwa dawa ya kuulia wadudu wa shambani, au tindikali, au mafuta ya gari, halifai tena kwa chakula, hata likisuguliwa kwa mchanga na sabuni mara saba. Sumu huingia katika plastiki na ikasubiri. Mchuuzi anayelitumia huenda hana nia mbaya hata kidogo. Walakini ujinga haumponyi anayekula.

Atakayeona kwamba haya ni kutishana bure, na asikie yaliyowapata watu wa Meknes katika nchi ya Moroko. Mwaka 1959, baina ya mwezi wa Agosti na Septemba, watu wa mji ule na miji ya karibu walianza kuanguka. Miguu ililegea, kisha mikono; mtu aliyelala mzima aliamka hawezi kusimama. Walioshikwa walikuwa kama elfu kumi. Waganga walitafuta sababu katika maradhi wasiione, mpaka walipoitafuta jikoni. Wafanyabiashara walikuwa wamenunua mabaki ya mafuta ya injini za ndege kutoka kambi ya jeshi la Marekani, wakayachanganya na mafuta ya kupikia, wakauza kwa bei rahisi. Ndani ya mafuta yale ya ndege mlikuwa na sumu inayoua mishipa ya fahamu.

Kisa hiki kina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza, walioumia walikuwa maskini, kwa sababu maskini ndiye anayekimbilia bei rahisi. Tajiri hununua chupa iliyozibwa. Maskini hununua kipimo kimoja cha kumtosha chajio. La pili, sumu ile haikuuma siku ile ile; ilingoja siku kadhaa, hata wiki mbili au tatu. Aliyeonja mafuta na kuyaona mazuri alidhani amekwisha kuyapima. Basi ulimi si mizani ya kutegemewa.

Wala asidhani mtu kwamba hayo ni ya nchi maskini tu. Mwaka 1981 nchini Hispania wachuuzi walizunguka majumbani, kuanzia vitongoji vya Madrid, wakiuza mafuta katika madumu ya plastiki yasiyo na jina wala alama. Yalikuwa mafuta yaliyoletwa kwa kazi za viwandani, nayo yalikuwa yametiwa kemikali makusudi ili yasiliwe. Wafanyabiashara wakayasafisha kwa njia zao na kuyauza kama mafuta ya kula. Watu wapatao elfu ishirini waliugua, na zaidi ya mia tatu wakafa. Dumu lisilo na jina lilifanya kazi ile ile katika nchi tajiri ya Ulaya iliyofanywa na mabaki ya ndege katika Moroko.

Hapo hutokea mtu akasema: mchuuzi naye ni maskini, ana watoto, na faida yake ni faranga chache, mnunuzi na ajiangalie mwenyewe. Neno hili lina nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo inayopoteza watu. Ni kweli mchuuzi ni maskini. Lakini anayenunua kwake ni maskini zaidi, na umaskini wa mmoja haukuwa kamwe ruhusa ya kumtia sumu mwingine. Tena sheria ya Kiislamu haikumwacha mnunuzi ajiangalie peke yake. Iliwekwa khiyari ya aibu: mtu akinunua kitu, kisha ikadhihiri aibu iliyokuwamo tangu kwa muuzaji, na asiijue wakati wa kununua, ana haki ya kukirudisha na kupewa mali yake. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuacha kumkama mnyama siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adanganyike, na aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari ya kumrudisha, pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Uzuri wa hukumu hii ni kwamba haikumlaumu mnunuzi kwa kudanganyika, wala haikumwonea muuzaji kwa maziwa yake.

Wala haikutosha kuwaachia watu dhamiri zao. Katika miji ya Kiislamu palikuwa na kazi ya hisba, na mwenye kazi hiyo aliitwa muhtasibu. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimpa mwanamke, al-Shifa binti Abdullah, usimamizi wa mambo ya soko la Madina, naye alikuwa mjuzi wa kusoma na kuandika na wa kuganga wagonjwa. Na katika karne ya 12 huko Sham, mwanachuoni al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, akataja kazi moja baada ya moja, waoka mikate, wapishi, wakaanga samaki na wauza dawa, na katika kila kazi akaeleza hila zake na namna ya kuzigundua. Basi ulinzi wa mlaji si jambo lililoletwa na meli kutoka ng'ambo.

Mataifa mengine nayo yamefika hapo kwa njia zao. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilitajia baraza la nchi yake haki nne za mnunuzi: haki ya usalama, haki ya kuelezwa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kuwalinda walaji duniani. Burundi ina ofisi ya serikali ya vipimo na ubora wa bidhaa, ijulikanayo kwa herufi BBN, na kuna chama cha walaji kiitwacho ABUCO. Vyombo hivi ndivyo mkono unaotiwa ndani ya fungu. Lakini mkono hauwezi kufika usikoitwa. Raia asiposhitaki, ofisi haijui.

Na pasiwe na mtu atakayesema kwamba dawa yake ni karatasi nzuri iliyobandikwa chupani. Mwaka 2022 nchini Gambia, ambako walio wengi ni Waislamu, watoto wadogo wapatao sabini walikufa kwa maradhi ya figo. Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa za maji za kikohozi zilizotoka nje, zilizokutwa na kemikali za sumu zisizostahili kuwamo katika dawa. Chupa zilikuwa na jina la kiwanda, na lebo zilikuwa safi. Wazazi walifanya kila linalompasa mzazi. Kilichokosekana ni mkono wa kufika chini: kuzipima dawa zile kabla hazijamfikia mtoto. Lebo ni ile nafaka kavu ya juu. Yaweza kusema kweli, na yaweza kuficha.

Yote yaliyotangulia yamekuwa ya kuonya, na maonyo matupu huchosha. Basi pana jambo la furaha kutoka pwani hii hii. Zamani ndagala walianikwa mchangani. Mvua ikinyesha walioza. Kuku na mbuzi walipita juu yao. Na mlaji alitafuna mchanga pamoja na samaki. Katika miaka ya 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwaonyesha wavuvi na akina mama wa pwani ya Burundi namna ya kuwaanika juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Upepo hupita juu na chini, samaki hukauka upesi, hasara hupungua, na ndagala safi hupata bei nzuri kuliko yule wa mchangani. Aliyemhurumia mlaji alijikuta amejihurumia mwenyewe. Hiyo ndiyo baraka waliyoahidiwa muuzaji na mnunuzi wanaposema kweli na kubainisha aibu. Na wakificha na kusema uwongo, baraka ya biashara yao hufutwa.

Yatakiwa nini basi? Mambo ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri.

Kwanza, kwa mkamuaji na mchuuzi. Dumu la chakula liwe la chakula tu, na litiwe alama ili lisichanganyike na jingine. Mafuta yakiwa ya zamani, au yakiwa na maji, na aseme hivyo kabla hajaulizwa, na apunguze bei. Huko ndiko kuweka juu kilicholowa.

Pili, kwa mnunuzi. Na aulize. Kipindupindu, kilichotangazwa tena Burundi mwanzoni mwa mwaka 2023, kimewafunza watu wa mwambao kuuliza maji yametoka wapi. Ni vyema vile vile waulize mafuta yametoka wapi, na yamewekwa katika chombo gani. Mafuta yenye maji hulia na kuruka yanapopata moto. Hayo kila mama ayajua. Lakini rangi ya sumu haijulikani kwa jicho wala kwa ulimi. Kwa hiyo wekundu uliopita kiasi na bei iliyopita kiasi kwa urahisi vimtie mtu shaka, na muuzaji anayekasirikia swali amekwisha kujibu.

Tatu, kwa jamii. Mtu mmoja akilalamika huitwa mgomvi. Watu hamsini wakilalamika huitwa haki. Jumuiya yaweza kuwa na watu watatu au wanne waaminifu, wanaume na wanawake, wa kupokea malalamiko ya wanunuzi, kumwendea muuzaji kwa siri na kwa upole kwanza, na jambo likiwa zito kulifikisha kwa wakuu pamoja na bidhaa yenyewe ili ipimwe. Hapana ruhusa ya kumtangaza mtu sokoni kwa shaka tupu, kwani kuvunja heshima ya Mwislamu bila ushahidi nako ni dhulma. Na walimu wa madrasa wawasimulie watoto kisa cha lile fungu la nafaka, kwani mtoto wa chuo wa leo ndiye mwenye dumu wa kesho.

Mwisho, kila mmoja akumbuke kwamba Siku ya Kiyama mizani itawekwa, na juu yake hapana wa kuficha cha chini. Huko kila kilicholowa kitaonekana. Heri basi mtu akiweke juu mwenyewe, hapa duniani, ambapo gharama yake ni faranga chache tu, kuliko kungoja kifichuliwe mahali ambapo faranga hazina kazi.

Mwenyezi Mungu awabariki watu wa mwambao huu katika ziwa lao na michikichi yao, awape wauzaji ukweli na wanunuzi afya, awaponye waliodhurika na awarehemu waliokufa kwa khiyana za wengine. Amin.